Kaka Yangu Aingia Averbeck

Kaka yangu Gerd alipompenda Elske wa shamba la Averbeck, kijiji kizima kilifurahi isipokuwa baba yetu. Elske ndiye mrithi wa kwao, na kwetu jina ni la shamba. Mwanamume akioa na kuhamia pale, jina lake la zamani huliacha langoni, wala halitamkwi tena. Gerd Vogelsang angekuwa Gerd Averbeck, na watoto wake vivyo hivyo.

"Mwanangu wa kiume wa pekee!" Baba alifoka, mkate mweusi mkononi. "Damu ya Vogelsang niwagawie akina Averbeck? Harusini sikanyagi, na baraka zangu hapati!"

Elske naye akasema bila baraka za mzazi hafungi ndoa. Gerd akawa hali, hanywi. Mimi nilikasirika kweli, maana gauni langu lilikuwa limeshashonwa.

Bibi Gesche, mama yake Baba, alikuwa kando ya moto akikata paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi. Alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

"Jobst, damu gani hiyo unayotambia?"

"Ya baba yangu, Mama!"

"Baba yako alikuja hapa akiitwa Knollmann, na mbuzi wake mmoja, tena kilema. Vogelsang ni mimi! Na baba yangu naye alikuja hivyo hivyo."

Baba hakuwahi kuambiwa hilo. Babu alikufa Baba akiwa bado ananyonya, na hakuna jirani ambaye angethubutu kulitaja jina lililoachwa langoni.

"Sasa shamba litabaki na nani?" akauliza, sauti imeshuka.

"Si Aleke huyu hapa? Atakayemwoa ataitwa Vogelsang, atake asitake."

"Nani atamwoa huyu mwenye mdomo?"

"Nimeshamchagua," nikasema. Hata Gerd alicheka.

Bibi peke yake hakucheka. "Jobst, watu wa kwao baba yako walisusa harusi. Alizungushwa moto huu, kama kila bwana harusi anayepokewa shambani, bila ndugu hata mmoja wa kumwona. Mpaka anakufa, jambo hilo lilimuuma."

Baba alitoka nje, na tulipomfuata tulimkuta anapiga brashi koti lake la kanisani.

Siku ya harusi, Elske alimshika Gerd mkono akamzungusha moto wa jikoni kwao. Baba alikuwa mbele kabisa, pua nyekundu, machozi yanamtiririka bila aibu.

"Averbeck!" akaita.

Gerd hakugeuka. Alikuwa hajalizoea.

"Wewe, Averbeck! Huwezi kumwitikia baba yako?"

Gerd akageuka, akamrukia shingoni, nusura waangukie motoni wote wawili.