Pointi za Kujipa Mwenyewe

Tangu lini mwanafunzi akajipa pointi mwenyewe? Musoki hakuwahi kuliona jambo hilo, wala mtu yeyote wa kwao. Lakini masomo ya uuguzi aliyofuata kwenye simu, hapo mjini Bunia, yalitaka hivyo: ukituma kazi ya mwisho, jipime kwanza, pointi ngapi kati ya ishirini, halafu mwalimu naye apime. Ukifikisha kumi na nne, unaingia staji, mazoezi ya kazi hospitalini, na unapewa chumba, wewe na mama yako.

Chumba hicho walikitaka kwa kufa na kupona. Mjomba Gérard, aliyewahifadhi, alikuwa amewachoka. Amani imerudi, alisema, warudi kijijini kwao Boga wakalime. Amani gani, jamani! Baba yake Musoki alikatwa mapanga katika shamba lile lile, na juzi tu jirani mmoja alikwenda huko kung'oa mihogo, hakuonekana tena.

Musoki alijua kazi yake ni nzuri. Alitaka kuandika *dix-sept*, kumi na saba.

Mama yake, Geneviève, akashtuka. "Weye mwenyewe unajisema uko muzuri? Mwalimu ataona tulikulea namna gani? Ujishushe, mwanangu. Yeye ndiye atakupandisha."

Ndivyo Musoki alivyolelewa. Hata akipika sombe tamu, majani ya muhogo, huwaomba wageni radhi kwamba imeungua. Akaandika *onze*, kumi na moja, akatuma, roho ikatulia.

Jibu lilikuja Jumatatu. Mwalimu alimpa *dix-sept*! Musoki akaruka kwa furaha. Halafu akasoma chini: muuguzi asiyejua anachokijua ni hatari kwa mgonjwa, kwa hiyo pointi zikiachana mno, iliyo ndogo ndiyo inayohesabiwa. Kanuni hiyo ilikuwepo tangu mwanzo. Aliisoma, akadhani imewekwa kuwatisha wenye majivuno.

Alimpigia mwalimu simu, akalia, akaomba. Nafasi zilikuwa zimejaa.

"Wamekupa ngapi?" mama akauliza.

"*Onze*, mama."

Geneviève akapangusa macho. Kisha akamshika binti yake shavu. "Basi, haikufika. Lakini unaona? Ni ile ile ulijipa. Ungejipa *dix-sept*, leo tungeficha uso wapi?"

Hasira ilimpanda Musoki, na huruma pia. Hakumwambia mama kwamba mwalimu alikuwa amempa *dix-sept*. Nje, Mjomba Gérard alikuwa akiita kwamba lori la Boga limepatikana. Musoki akachukua kamba, akaanza kufunga majembe.