Maziwa ya Kamukuywa

Simu iliyomtoa Mzee Wangila nyumbani kwake Matisi ilikuwa fupi, na ufupi wake ndio uliomponza.

"Tuna ukuta," mwenyekiti alisema. "Mita ishirini, unatazama barabara. Ushirika wetu hapa Kamukuywa unafunguliwa Jumamosi ya wiki ijayo. Tunataka maziwa."

"Maziwa?" Wangila akasimama, brashi mkononi.

"Maziwa, ukuta mzima. Yajae mpaka yamwagike. Na usirundike vitu, mzee. Acha nafasi, mtu apumue."

Simu ilipokatika, Wangila alikaa juu ya debe la rangi. Miaka arobaini alikuwa akichora mabango Kitale, na hakuna bango lake lililokosa maji. Buchari ya Matisi ilikuwa na mto nyuma ya mbuzi. Yeye mwenyewe huapa kwamba wateja walikuwa wakikunja suruali kabla ya kuingia. Kinyozi alichorewa maporomoko, fundi wa viatu akapewa bwawa. Wenye maduka walilalamika, "Mzee, mimi nauza nyama, si samaki," naye akawapunguzia mto kwa inchi mbili.

Ugonjwa huo ulimpata utotoni, siku Mto Nzoia ulipovunja kingo. Alikuwa ametumwa kuchunga, akakuta malisho yamegeuka anga: mawingu juu, mawingu chini, hakuna ua wala mpaka wa shamba la mtu. Alitazama mpaka ng'ombe wakamaliza mahindi ya jirani. Alichapwa, ndiyo, lakini fimbo haikufuta kitu. Tangu hapo alitafuta ukuta wa kuitosha siku ile, na watu wakampa vibao vya ukubwa wa mlango wa choo. Ziwa lenyewe hajawahi kuliona kwa macho. Na sasa mtu asiyemjua anampigia simu kumwomba maziwa!

Ushirika, alidhani ni wa kahawa. Jengo lilikuwa jipya na tupu, na mwenyekiti alikuwa ameitwa matangani Myanga. Mlinzi akampa ngazi. Kwa siku sita Wangila alichora kama mtu anayekimbizwa. Maziwa matatu, moja likimiminika ndani ya jingine: maji ya asubuhi, maji ya mchana, na maji ya saa ile mvua inapoteremka kutoka Mlima Elgon. Juu yake anga, anga, anga. Hakuweka hata ndege.

Alhamisi jioni mwenyekiti, Mwalimu Mukhisa, alirudi. Alishuka kwenye pikipiki, akautazama ukuta, kisha akamtazama mwenye pikipiki kana kwamba ameshushwa siko.

"Wangila. Hii ni nini?"

"Maziwa, Mwalimu."

"Maziwa gani?"

"Matatu."

"Maziwa ya ng'ombe, bana! Ya kunywa! Sisi ni wafugaji!"

Wangila alianza kufuta brashi kwa shati lake. Mtu aliyewahi kuwaeleza watu wa soko zima kwamba alinyolewa na mamba, siku hiyo aliifuta brashi iliyokuwa safi tayari.

"Si unajua watu watasema nini?" Sauti ya Mukhisa ilipanda. "Watasema tumetia maji kwa maziwa hata kabla ya kufungua mlango! Mita ishirini za ushahidi! Kesho asubuhi paka chokaa ukuta wote, halafu uchore mkebe wa maziwa. Mkebe mmoja."

Asubuhi Wangila alikoroga chokaa kwenye pipa. Alikoroga muda ambao ungetosha kuivisha ugali wa harusi.

"Hiyo si uji," Mukhisa akamwambia kutoka kwenye kiti chake. "Anza."

"Naanza."

Alipanda ngazi. Alikuwa na miaka sitini na minane, na alijua hesabu ya kuta zilizobaki: hakuna atakayempa nyingine kama hii. Brashi ikadondosha tone jeupe kwenye nyasi. Mkono haukwenda.

Hapo ndipo bibi mmoja mzee, Kukhu Nasike, alipopita, akimpeleka ng'ombe wake mtoni. Ng'ombe alisimama, akanusa upepo, akaikata kona kama askari wa gwaride. Alienda moja kwa moja hadi kwenye ziwa la mchana, akainamisha kichwa, akatoa ulimi.

"We! Njoo hapa!" Kukhu akavuta kamba. Ng'ombe hakutikisika. Slap, slap, ulimi ukutani. "Haki ya Mungu, ameukataa mto. Anataka ya Wangila!"

Wenye pikipiki wakasogea. Wanachama waliokuja kufagia wakaacha mafagio. Kicheko kikalipuka.

"Ng'ombe ni mjinga," Mukhisa akasema.

"Mjinga?" Kukhu Nasike akamgeukia, mkono kiunoni. "Huyu analeta maziwa. Wewe unaleta mikutano. Wa kwako anakunywa nini, Mwalimu, soda?"

"Kukhu, watu watasema—"

"Waseme! Wiki ile kisima changu kilikauka, mkebe ulienda sokoni mwepesi mpaka ukaniuliza kama ninafunga kwa maombi. Maziwa yanatoka wapi kama si majini? Acha ukuta wa watu."

"Uachwe!" wanachama wakaitikia.

Mukhisa alitazama ukuta, akatazama ng'ombe. Mabega yake yakashuka, na mdomo ukaanza kumsaliti kwa tabasamu.

"Basi yaache."

"Niache nini, Mwalimu?" Wangila alitaka kusikia vizuri.

"Maziwa!"

"Yapi?"

"Yote, mzee! Shuka kabla sijabadilisha nia!"

Alishuka vidato vitatu, cha nne akakikosa, akatua kwa makalio akicheka huku machozi yakimtoka. Kuhusu chumvi anayochanganya kwenye rangi yake ili ishike ukutani, alinyamaza. Kufika adhuhuri, Myanga walikuwa wanasema ng'ombe alivuka upande wa pili akiogelea, na Wangila hakuona sababu ya kuwasahihisha.

Kamati ilidai jambo moja tu: pawe na maandishi, mteja asidanganyike. Walibishana juu ya maneno mpaka chai ikapoa. Wangila akayaandika chini kabisa, kwenye nyasi za ufukweni, kwa herufi ndogo za kijani zinazomlazimu msomaji kuchuchumaa: MAJI HAYA NI YA NG'OMBE. MAZIWA YAKO NDANI.

Kisha akavuka barabara, akaketi kwenye jiwe, akatazama, bila mtu wa kumwambia apunguze hata inchi moja.