Ulitazamia kwa Nani?

Kila Jumapili baada ya kanisa, duka la muvi la Nzisa pale Umoja lilikuwa na sheria moja: mtu mpya haketi mpaka ajibu swali. Hakuna aliyejali jina lake wala kazi yake. Aliulizwa tu: ulitazamia kwa nani?

Kwa maana miaka ile ya themanini, katika nyumba za kaunsili kule Makadara, tivii zilikuwa za kuhesabika. Kila mtoto alikuwa na dirisha lake la kuning'inia, au sakafu ya jirani ya kukalia akishaoshwa miguu. Ukiulizwa ulitazamia kwa nani, unajibu papo hapo, kama anayetaja jina la mamake. Anayesita ana lake.

Basi Mutie alipoingia, shati limepigwa pasi, simu mbili mkononi, Sylvance hakumpenda. Tangu aachishwe kazi ya ukarani wa reli kwa barua ya mistari minne, Sylvance hakumpenda mtu yeyote mwenye simu mbili.

Wengine walikuwa wamezama kwenye ubishi. Kiarie, dereva wa lori, alikuwa akitetea sinema moja ya zamani ya roboti aliyeogopa mvua.

"Roboti gani ana zipu mgongoni?" Nzisa akamdhihaki.

"Hiyo zipu ndiyo utamu, mathe! Ukitaka sinema bila zipu, nenda taoni ukatazame na wenye suti. Sisi tunataka tuone mtu yuko ndani anatoka jasho."

"Mimi nimekuja kwa ajili ya Mgeni wa Zuhura," Mutie akasema.

Kiarie akamwacha roboti wake katikati, akamgeukia.

Mgeni wa Zuhura kilikuwa kichekesho cha tivii. Kiumbe kimetua mtaani, chombo kimeharibika, kinamtafuta mkubwa wa dunia kimwombe spana. Kila mlango kinaambiwa mkubwa yuko mkutanoni. Wiki hii mkutanoni, wiki ijayo mkutanoni. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, halafu sehemu ya saba haikuonyeshwa. Hakuna aliyeeleza. Jackton, kakake Sylvance, ndiye aliyekuwa ndani ya vazi lile. Watu wa landrova, makachero wa serikali, walimchukua, wakamrudisha baada ya siku kumi na tisa, na tangu hapo hakuigiza tena hata harusini. Alikufa fundi wa baiskeli, mdomo umefungwa. Walioamrisha wakastaafu vizuri, wakanenepa.

Fundi mmoja wa kituo aliwahi kumpenyezea Jackton kanda mbili za kichekesho hicho. Ya kwanza aliichukua mtu wa sauti laini, mwaka wa elfu mbili na tatu, akisema anahifadhi historia. Anaihifadhi hadi leo. Ya pili ilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti chini ya kitanda cha Sylvance, na ukungu umeanza kuila pembeni, mweupe kama unga. Nzisa alikuwa amemwonya: msimu mmoja zaidi wa mvua, na uso wa Jackton hautaonekana tena duniani.

"Nimesikia kanda moja imebaki," Mutie akasema. "Nina mashine ya kunakili, kwangu Komarock. Nipe siku mbili, mzee, nikurudishie na nakala."

"Yule wa kwanza alisema tatu," Sylvance akajibu. "Wewe umeteremsha bei. Haya, ulitazamia kwa nani?"

Mutie akasita. "Kwetu. Makadara."

"Kwenu! Kumbe mlikuwa matajiri. Hebu tueleze huyo Mgeni alifananaje."

Uso wa Mutie ukachangamka. "Kichwa bluu. Tumbo rangi ya machungwa. Miguu kijani kibichi."

Sylvance akasimama mpaka kiti kikaanguka. "Mwongo! Mimi ndiye niliyebandika karatasi za kung'aa za pakiti za sigara kwenye sufuria ya mama kwa uji wa ngano. Aling'aa kama bati jipya, juu mpaka chini! Nani amekutuma?"

"Sijatumwa na mtu. Ndivyo nilivyomwona! Hata akilala chini, alikuwa anageuka kijani mwili mzima. Nikadhani ndivyo walivyo watu wa Zuhura."

Kiarie akaangua kicheko. Nzisa hakucheka.

"Na akipanda juu ya meza?" akauliza.

"Bluu mpaka kiunoni."

"Sylvance, keti," Nzisa akasema. "Ni ile plastiki. Umesahau? Tivii isiyo na rangi, mtu anaibandika plastiki kwenye kioo: juu bluu, katikati machungwa, chini kijani. Kisha anaringia jirani kwamba ana tivii ya rangi. Huyu hadanganyi. Aliona."

Sylvance akaketi, lakini moyo haukuketi. Alikuwa akipita mlango kwa mlango kichwani, Makadara yote. Nyumba moja tu ndiyo iliyosifika kwa tivii ya rangi, na mtoto wa jirani hakuruhusiwa kusimama hata dirishani: nyumba ya hedimani, msimamizi wa nyumba za kaunsili, aliyejua nani kalala kwa nani.

"Wewe ni mtoto wa hedimani."

"Ndiyo, mzee." Mutie akaziweka simu zake juu ya kaunta. "Nilikuwa na miaka saba. Wakati wa chakula baba ananiuliza, yule mwendawazimu amesema nini leo? Namwigizia. Nilimweza sana. Baba anacheka, halafu anatoa kalamu. Sikujua kalamu ni ya nini. Alipofariki mwaka juzi nikaliona daftari. Maneno yangu, neno kwa neno, na majina ya wakubwa aliowapelekea."

Mwingine angelia hapo, au angemkumbatia. Sylvance akauliza, "Liko wapi hilo daftari?"

"Nyumbani."

"Lilete. Na mashine uilete hapa. Kanda yangu haisafiri."

Jumapili iliyofuata Mutie alikuja na mashine ndani ya katoni, imefungwa kwa leso, daftari juu yake. Sylvance hakulifungua. Alilikalia. Nzisa alipomaliza kufuta ukungu kwa pamba, Sylvance akamwonyesha Mutie mlango.

"Wewe utatazamia dirishani."

"Jamani, Sylvance," Nzisa akasema. "Mtu ameleta mashine yake!"

"Dirishani. Sisi tulizoea."

Mutie akatoka, akasimama nje kando ya jiko la mama wa chapati, akashika vyuma vya dirisha.

Picha ikatetemeka, ikapasuka mistari, ikatulia. Jackton akatokea, sufuria kichwani, anagonga mlango wa ofisi. "Hodi! Mkubwa yupo?" Sauti ikajibu kutoka ndani: "Yuko mkutanoni!" Kiarie akapiga paja. Nzisa akajifuta macho.

Kisha jibu la Jackton likaja kutoka dirishani kabla halijatoka kwenye tivii, kwa lafudhi ileile, kwa pumzi ileile: "Basi nitamngoja. Kwetu mwaka ni mfupi."

Miaka yote hiyo Sylvance alikuwa ameungoja uso ule, na sasa hakuwa akiutazama. Alikuwa ameligeukia dirisha, anahesabu vidole vya Mutie kwenye vyuma. Vyote kumi vilikuwepo. Kati ya hivyo hakikuwepo kilichoshika kalamu ya hedimani. Akahesabu tena.