Jirani, Mkubwa, Mwalimu

Shule ilikuwa na vyumba viwili, na kimoja kilifungwa tangu upepo ung'oe mabati yake. Madarasa yote manne, la kwanza hadi la nne, yalikaa katika chumba kilichobaki, na mwalimu alikuwa mmoja. Kwenye karatasi walikuwa wawili. Wa pili aliomba ruhusa ya wiki mbili miaka sita iliyopita, akaenda moja kwa moja.

Aliyebaki alikuwa mtu wa vipimo. Aliugawa ubao kwa mistari mitatu, akapata safu nne zilizolingana, kila darasa na safu yake. Juu ya ubao alitundika kibao chenye rangi mbili. Kikiwa chekundu, kila darasa lilifanya kazi yake. Kikigeuzwa kijani, wakubwa walihamia kwenye madawati ya wadogo kuwasikiliza wakisoma. Kiligeuzwa kila baada ya dakika ishirini. Ukutani aliandika kanuni ya mtoto mwenye swali, kwa herufi za ukubwa wa kiganja: JIRANI, MKUBWA, MWALIMU. Uliza kwanza aliye kando yako. Akishindwa, muulize wa darasa la juu. Naye akishindwa, ndipo umnyooshee mwalimu mkono. Hakuibuni kwa falsafa yoyote. Mwaka ule wa kwanza sauti ilikuwa imemkauka kabisa, na dawa ya koo haikusaidia.

Mkewe alikuwa muuguzi, mwendo wa siku nzima kutoka hapo. Kuhama hakuweza, kwa sababu binti yao alikuwa na pumu na kliniki yake ilikuwa huko huko. Kwa hiyo wa kuhama alikuwa mwalimu, na alikuwa ameomba mara tano. Jibu la ofisi ya elimu halikubadilika hata koma: mwalimu wa pekee haondoki kabla hajaletwa wa pili, na wa pili haletwi mpaka mkaguzi aandike kwamba shule ina upungufu. Kila mwaka mkaguzi alikuja, akatazama, akaandika "inaridhisha". Na kila mwaka mwalimu alikuwa amefagia, amepaka ubao rangi na kupanga madaftari, kwa kuona haya tu kukutwa hovyo na mgeni.

Mwaka huu, siku kumi kabla ya ukaguzi, mkewe alipiga simu. Alieleza kwamba binti yao, sasa yuko darasa la pili, alikuwa amemsomea ukurasa wa kumi wa kitabu bila kukosea neno, huku kitabu kikiwa kimefunguliwa ukurasa wa thelathini. Darasani mwao walikuwa tisini na wanne, na walisoma kwa kuimba.

"Baba watoto, mtoto hajui kusoma," alisema mwishoni. "Wa watu unawafundisha."

Mwalimu alifungua rejista za miaka sita akahesabu. Watoto themanini na watatu walikuwa wamejua kusoma ndani ya chumba kile. Akazifunga, akakata shauri.

Hakutaka kusema uongo, wala kuwafundisha watoto maigizo. Mkaguzi akija, atalifundisha darasa la nne peke yake kwa saa nzima, kibao atakiacha chekundu, na ukweli utajisemea wenyewe: mtu mmoja hawezi kuwa mahali panne. Aliipitia hoja hiyo mara mbili, hakuona kosa.

Mkaguzi alikuwa mama aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Walimu walimwita Miwani Mbili, kwa kuwa moja aliivaa na nyingine aliitundika kifuani. Alifika saa mbili kamili, akajibana kwenye dawati la nyuma, akafungua daftari.

Saa mbili na dakika ishirini mwalimu hakukigeuza kibao. Alikuwa anafundisha sehemu, amechora mstatili uliogawanywa vipande sita. Nyuma yake akasikia kikohozi. Huyo alikuwa Bwana Saa, mtoto wa darasa la tatu aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna dakika iliyompita bila kuiona. Akakohoa tena. Kisha akapanda juu ya kiti, akakigeuza kibao kuwa kijani, akashuka.

Chumba kikahama. Hakuna aliyesukumana, hakuna aliyeuliza aende wapi. Darasa la nne, lile lile alilokuwa akilifundisha, likainuka mbele ya macho yake na kumwachia mstatili wake. Alimzuia aliyekuwa karibu, msichana wa miaka kumi ambaye shule nzima ilimwita Shangazi, kwa jinsi alivyojua kuwaagiza watu.

"Kaa. Hatujamaliza."

Shangazi alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mwalimu, hawa wadogo watabaki nyuma," alisema kwa sauti ya chini, asimwaibishe mbele ya mgeni. "Zetu tutamalizia baadaye."

Maneno yalikuwa yake, alikuwa ameyasema kwa miaka sita.

Akabaki kando ya ubao, chaki mkononi, akingoja maswali. Alipoona mtoto wa darasa la kwanza amekwama, alimwombea akwame zaidi. Mtoto akamgeukia jirani, jirani akamgeukia Shangazi, na swali likaishia hapo. Mpaka saa tatu yalikuwa yamemfikia mawili tu, moja likiwa la ruhusa ya kwenda chooni.

Mkaguzi alikuwa ameinama kwenye dawati la mbele, kwa mtoto asiye na meno mawili ya juu. Alimfungulia kitabu, mtoto akasoma. Akapeperusha kurasa, akafungua pengine, mtoto akasoma na hapo, kidole chini ya kila neno. Mwalimu alilijua daftari la mahudhurio kwa kichwa. Mtoto huyo alikuwa mdogo kuliko binti yake kwa mwaka mmoja na miezi miwili.

Baadaye waliketi stoo, ambayo ilikuwa pia ofisi. Mwalimu alimweleza mkaguzi yote kwa mpangilio: barua tano, pumu, ukurasa wa kumi na wa thelathini. Mkaguzi alisikiliza bila kuandika, miwani zote mbili zikiwa mezani.

"Ungeniambia kabla sijaingia," alisema. "Sasa nimeshaona."

"Umeona watoto, mama. Mimi sikufanya kitu."

"Hivyo ndivyo nitakavyoandika."

"Shule hii ina mwalimu mmoja."

"Najua nyingine yenye mmoja, na humo wanapigana mpaka saa sita. Nikipewa mwalimu wa ziada kesho, nimpeleke wapi?" Alivaa miwani moja. "Niambie wewe."

Lingekuwa swali la mtihani, mwalimu angelijibu kama mkaguzi.

Mkaguzi akaandika: upungufu haupo. Akamweleza kwamba mwezi ujao angemletea walimu kumi na mmoja waje kutazama anavyofanya, kisha akamsukumia ripoti athibitishe kwa saini kwamba yaliyomo ni kweli. Mwalimu aliisoma mstari kwa mstari, mara mbili, kama mtu anayepapasa mifuko yote akitafuta ufunguo. Alipata kosa moja. Idadi ya wanafunzi ilikuwa arobaini na sita.

"Ni arobaini na saba," alisema. "Mmoja ana homa."

Mkaguzi alimshukuru, akasahihisha. Mwalimu akatia saini.

Mlangoni alikuwa amesimama Shangazi, mikono nyuma. Darasa la pili lilikuwa na swali, alisema. Walishamuuliza jirani, na mkubwa, na yeye mwenyewe limemshinda.

Mwalimu alifunika kalamu, akamfuata. Bwana Saa alikuwa ameshakirudisha kibao kwenye nyekundu.