Sufuria Ndani ya Buti

Ndagijimana alipotangaza kwamba Ijumaa wataendesha gari kwa muda wa saa tano kwenda kaskazini kutazama taa za angani, ile mianga ya rangi inayocheza usiku, mkewe Mukandayisenga alicheka, kisha akashuku. Mtu mwenye akili zake aache kitanda chenye joto hapa Oakdale, akasimame kwenye baridi kukodolea mbingu macho? Thubutu! Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mumewe alikuwa na ulimi wa asali. Ili mtoto asilie njiani, alidanganya. Walipotoroka Masisi, alisema wanakwenda harusini. Walipotoroka Goma, wanakwenda kumsalimu shangazi. Harusi hawakuiona, na shangazi hadi leo. Na huko kaskazini, nani asiyejua, kuna mpaka wa Kanada.

Alhamisi, mumewe akiwa amelala baada ya zamu, akafungua buti ya gari. Blanketi, tochi, maji. Chini ya blanketi, ule mfuko mweupe waliotoka nao kambini, wenye makaratasi yao yote, hata kadi ya chanjo ya binti yao Shekinah. Safari aliyosema ni ya siku mbili na chanjo, wapi na wapi? Alikuwa na kazi, kwaya, mlango wenye ufunguo wake mwenyewe. Hakutaka kuhama tena.

Hakuuliza. Alikwenda jikoni akachukua sufuria kubwa ya ugali, akaifungia ndani ya buti. Kama ni kukimbia, hawatalala njaa.

Jioni Ndagijimana aliingia ameibeba.

"Mama Shekinah, hii sufuria ilikuwa inafanya nini mu motokari? Unatuhamisha wapi?"

"Mimi? Na makaratasi je?"

"Siwezi kutembea bila papiers! Polisi wakitusimamisha?" Akaketi. "Mwenzangu wa kazini alinionyesha picha za zile taa. Nilitaka mara moja tu tusafiri bila kukimbia. Dimanche, Jumapili hii hii, tunarudi. Haki ya Mungu."

Mukandayisenga aliona haya, akaona na furaha. Akaipokea sufuria, akairudisha mahali pake.

Shekinah alikuwa amesimama mlangoni, begi la shule mgongoni, limejaa nguo hadi zipu haifungi.

"Kwa hiyo kweli tunarudi?"

"Kweli, mwanangu," Ndagijimana akajibu.

Shekinah akavua begi, akamtazama baba yake.

"Sasa Jumatatu nitamwambia nini teacher?" akauliza. "Leo nimeshamuaga."