Mtu wa Tatu kwenye Simu

Vidonge vilikuwa kumi na vinne. Nyirabeza alivimwaga juu ya kitambaa cha meza, akavihesabu kwa kidole kama anayechambua maharage, akavirudisha kwenye kichupa. Siku saba. Asubuhi hiyo duka la dawa lilimwambia haliwezi kuongeza hata kimoja bila idhini ya daktari, na daktari hakuwepo tena hapo mtaani kwao, Linden.

Barua ilikuwa kwenye droo tangu Juni, chini ya matangazo ya pizza. Ilisema Dokta Ruth anaacha kupokea bima zote, anahamia ofisi ndogo Gahanna, pembezoni mwa mji, na atakayetaka kubaki naye ajiunge kwa ada ya kila mwezi. Nyuma yake kulikuwa na fomu: majina ya wote wanaoishi nyumbani, tarehe za kuzaliwa, saini. Watu wa milima ya Kivu ya Kusini hawaandiki majina ya watoto wao ovyo kwenye orodha. Nyirabeza alishaziona orodha kule kwao, na hakuna hata moja iliyoleta dawa. Alifunga droo, akajiambia kwamba daktari mwenye akili atarudi.

Dokta Ruth hakurudi.

Kupoteza daktari si msiba, Columbus imejaa madaktari. Lakini Dokta Ruth, Mzungu wa Ohio aliyefanya kazi miaka tisa kwenye hospitali ya misheni Kigoma, alisema Kiswahili. Aliwaamkia "shikamoo", na Nyirabeza alicheka kila mara, maana kwao watu hawaamkiani hivyo. Mlango ukishafungwa, ndani walikuwa watatu tu: daktari, Nyirabeza na binti yake Isaro. Neno kifafa lilibaki humo humo.

Isaro alikuwa na miaka ishirini na minne, na hakuwa ameanguka tangu wafike Amerika, miaka mitano sasa. Kanisani hakuna aliyejua. Hata Salomon, kaka yake Nyirabeza aliyeko Louisville, hakujua. Na Jumamosi ya wiki iliyofuata, watu wa Buffalo walikuwa wanakuja kumposa.

Kijana aliitwa Shami, alihudumia wazee huko Amherst, kando ya Buffalo, na familia yake ilikuwa ya watu waangalifu. Walishauliza kuhusu babu, kuhusu mashangazi, kuhusu nani alikufa kwa ugonjwa gani. Salomon, msemaji wa upande wa binti, aliwajibu kwa moyo mweupe. Hakuwa na cha kuficha, kwa sababu alifichwa yeye kwanza.

Nyirabeza alipiga simu kliniki nyingine, iliyopokea kadi yao ya bima. Kiingereza chake kilitosha kuomba mtu wa Kiswahili. Muziki ulilia kidogo, kisha sauti ya mwanamke ikaingia.

"Bonjour mama. Mimi ni mkalimani. Nitatafsiri kila kitu, na yote ni siri. Tuanze?"

Aliijua sauti hiyo kabla haijamaliza. Ilikuwa ya Flavia, mke wa Azarias wa Louisville. Flavia alilala chumbani kwa Nyirabeza siku tatu wakati wa harusi ya mwaka juzi, akaimba jikoni hadi majirani wakagonga ukuta.

"Mama, uko?"

"Niko."

"Wanauliza mgonjwa ana shida gani."

Kiapo cha mkalimani ni kiapo, na Flavia hakuwa mwanamke mbaya. Lakini Flavia alikuwa na mume, mume alikuwa na dada Buffalo, na hakuna kiapo kinachomzuia mtu kukunja uso jina fulani likitajwa mezani. Kukunja uso kungetosha.

"Kichwa," Nyirabeza alisema. "Kinamuuma kichwa. Kidogo."

"Tangu lini?"

"Bon, tangu juzi."

"Anatumia dawa yoyote?"

"Hapana."

Flavia alitafsiri. Kichwa kidogo cha juzi kilipewa nafasi baada ya wiki saba. "Pole mama," sauti ilisema, na Nyirabeza akakata simu bila kuaga.

Jioni hiyo alichukua kisu cha mboga akaanza kukata vidonge.

Isaro hakuwahi kukishika kichupa. Tangu ana miaka kumi na miwili mama yake ndiye aliyemletea dawa, asubuhi na jioni, kwenye kisahani kando ya kikombe cha chai.

"Mama, mbona hiki ni nusu?"

"Kiwanda kimebadilisha. Sasa vinakuja hivyo."

"Kina makali ya kisu."

"Na wewe una makali ya mdomo. Kunywa."

Isaro alicheka, akameza. Nyirabeza aliosha kisahani muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Tangu hapo nyumba ilibadilika masikioni mwake. Kijiko kikidondoka, alikimbia. Maji ya bafuni yakinyamaza ghafla, alisimama mlangoni akitega sikio.

"Usifunge komeo."

"Mama, mimi ni bibi harusi, si mtoto."

"Bibi harusi hatelezi?"

Isaro alifanya kazi kwenye ghala kubwa ambako mikanda ya mashine ilibeba masanduku kutwa nzima. Zamani Nyirabeza hakuiwaza mikanda hiyo. Sasa aliiona hata akifumba macho. Gari la wafanyakazi lilimrudisha saa kumi alasiri, naye tangu saa tisa alikuwa dirishani. Siku ya tano Isaro aliangusha kikombe, akautazama mkono wake.

"Umekuwa kama wa mtu mwingine," alisema.

Nyirabeza aliokota vipande.

Siku ya nane alipanda mabasi mawili hadi Gahanna. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye zulia na viti viwili. Hapakuwa na dirisha la karani wala foleni. Dokta Ruth alifungua mlango mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

Nyirabeza hakucheka. "Uliniacha," alisema kabla hajaketi.

"Nilikuandikia barua."

"Anayekuacha kwa barua hajakuacha?"

Daktari aliketi. "Kule nilikuwa na dakika saba kwa kila mgonjwa. Zilizobaki nilizitumia kujaza karatasi za bima. Wagonjwa zaidi ya elfu mbili, mama, na sikumjua hata mmoja vizuri. Sasa nina mia nne. Nalala."

"Na wale wengine, wanalala?"

Dokta Ruth alitazama zulia. "Ada ni dola themanini kwa mwezi," alisema. "Tuliache hilo kwanza. Isaro amebakiwa na dawa kiasi gani?"

"Za siku sita."

Daktari alifungua kompyuta, akasoma, akaifunga taratibu. "Zilipaswa kuisha jana. Mama, unampa kiasi gani?"

Nyirabeza alitaka kusema uongo mwingine, akatafuta, akakuta umekwisha. "Nusu."

"Yeye anajua?"

Nyirabeza alitikisa kichwa.

"Mpigie. Sasa hivi. Aache kazi, akae chini, mbali na mashine."

Simu iliita mara nyingi. Ilipopokelewa, haikuwa sauti ya Isaro. Mwanamume alisema Kiingereza cha haraka, nyuma yake mashine zikinguruma. Nyirabeza aliambulia jina la binti yake na neno moja, sakafu. Alimsukumia daktari simu kama mtu anayetupa kaa la moto.

Dokta Ruth alimwendesha mwenyewe hadi mlango wa dharura wa hospitali, akaenda kutafuta pa kuegesha. Ndani, Isaro alikuwa kitandani, mdomo una damu, macho yamefumba. Muuguzi alikuja akisukuma skrini yenye magurudumu. Kijana mwenye vipokea sauti masikioni alitokea kwenye kioo.

"Jambo mama. Mimi ni mkalimani."

Lafudhi ilikuwa ya milimani kwao kabisa. Nyirabeza akasogelea skrini.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mama, haturuhusiwi kujibu hilo."

"Uko mji gani?"

"Hata hilo. Muuguzi anauliza, hii ni mara yake ya kwanza kuanguka?"

Angeweza kumsubiri daktari wake. Dakika tano tu, mlango ufungwe, wabaki watatu kama zamani. Aligeuka kutazama mlangoni. Alipogeuka tena, vidole vya Isaro vilikuwa vimeanza kucheza juu ya shuka, kisha kiwiko, kisha bega.

"Si mara ya kwanza," Nyirabeza alisema. "Ana kifafa. Miaka kumi na miwili sasa. Dawa yake ni kidonge kizima asubuhi, kizima jioni, na siku nane hizi nimempa nusu. Ni mimi. Yeye hakujua. Sema yote, mtoto wangu, usipunguze neno."

Kijana hakupunguza. Muuguzi aliita wenzake, sindano ikaingia, na Nyirabeza alisimama ukutani akihesabu kwa Kinyamulenge, lugha ya kwao, kwa sababu namba za lugha nyingine zilikuwa zimemtoka. Alipofika mia moja na arobaini, bega lilitulia.

Isaro aliamka jioni. Dokta Ruth alikuwa ameketi pembeni, koti bado mwilini.

"Ulimi unauma," Isaro alisema.

"Uliung'ata mwenyewe." Nyirabeza akamweleza: barua, Flavia, kisu. Hakujitetea. Isaro alisikiliza hadi mwisho akitazama dari.

"Bon," alisema. "Kuanzia leo kichupa kinakaa kwangu."

"Kinakaa kwako."

"Na fomu ya dokta naisaini mimi. Kwa jina langu, kwa mshahara wangu."

"Saini."

"Na Jumamosi?"

Nyirabeza alitoka hadi kwenye korido, akampigia Salomon.

"Kaka, watu wa Buffalo wanaondoka lini?"

"Ijumaa. Kwani umeshaanza kupika?"

Alimwambia. Akisema, alisikia televisheni ya Louisville ikizimwa.

"Donc, kumbe mimi nimewadanganya watu," Salomon alisema.

"Mimi ndiye niliyekudanganya. Wewe ulisema ulichojua."

"Na sasa niwaambie nini?"

"Hivi hivi nilivyokuambia."

"Wanaweza wasije, dada."

"Najua." Akakata simu. Aliporudi chumbani, Isaro alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Nipe simu. Shami nitamwambia mwenyewe, kabla wajomba hawajamwambia."

"Pumzika kwanza. Kesho."

"Mama. Nipe."

Akampa. Isaro alibonyeza, akaiweka juu ya shuka ili wote wasikie. Iliita Buffalo mara moja, mara mbili. Nyirabeza aliomba ikatike. Mara ya tatu, mtu alipokea.