Aisingi ya Chapuchapu

Saa sita unusu mchana Kitindamimba alikuwa ameshapiga pasi blauzi yake nyeupe na kuitundika nyuma ya mlango wa jikoni. Vyeti vilikuwa kwenye bahasha juu ya friji. Usaili wa chuo cha uuguzi ulikuwa saa tisa kamili, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mwaka jana aliukosa kwa sababu nyumbani kulikuwa na wageni. Mwaka huu aliapa kwamba wageni waje, wasije, yeye anaondoka.

Wifi yake, mke wa kaka aliyekuwa akimlea, akaingia na keki ya dukani. Kavu, upara mtupu, upande mmoja umeungua.

"Wifi yangu kipenzi," akasema, na hapo tu Kitindamimba akajua mchana wake umeshaliwa. "Mkubwa wa kazini kwa kaka yako anakuja saa nane na mkewe. Nipakie kitu juu ya hii keki. Dakika tano tu."

"Wifi, nina usaili."

"Kwani nimesema usiende? Dakika tano."

Dakika tano za nyumba ile, jamani! Akafungua kabati kwa kishindo. Krimu hakuna, sukari ya unga hakuna. Kulikuwa na sukari ya chai, kakao robo kopo, majarini, na maziwa ya unga yaliyogandamana. Akasaga sukari kwenye blenda mpaka ikawa laini, akachekecha maziwa, akavuruga vyote na majarini, kakao na maji ya moto vijiko viwili. Ikatoka aisingi nzito ya kahawia, inang'aa. Akaipaka, na kwa uma akaichora mawimbi pembeni. Kisha akavaa blauzi.

Wifi akaipiga picha keki, akamrekodia dada yake ujumbe kwenye simu: "Ona, nimeitengeneza mwenyewe."

Aisingi ikashuka kwenye keki. Ikateremka mguu wa meza, ikakatiza sakafu, ikapanda sketi ya Kitindamimba mpaka begani na kutulia pale, mawimbi yake vilevile.

"Sasa ndiyo nini tena hii, wifi?" wifi akasema kwa kuudhika. "Irudishe, wageni wako njiani."

Kitindamimba akaikwangua kwa kisu, akairudisha. Kazi hiyo ilimla nusu saa, maana ilikuwa imeshika kwenye kola. Akaifua blauzi palepale kwenye sinki, akaikamua, akaivaa mbichi. Saa nane kasorobo alikuwa mlangoni na bahasha mkononi, ndipo gari la mkubwa likaingia. Kaka yake akamshika kiwiko.

"Wasalimie kwanza, mdogo wangu. Utaondokaje kama mwizi?"

Akasalimia. Akaambiwa alete vikombe, akaleta. Akaambiwa sahani, akaleta, na kila alipogeuka kuelekea mlangoni palikuwa na kijiko kilichosahaulika. Saa nane na nusu ikamkuta na birika mkononi.

"Haya, fundi wa keki hii ni nani?" mkubwa akauliza.

"Mimi," wifi akasema, akainamisha macho kwa haya.

Aisingi yote ikainuka kwa pamoja, ikapita katikati ya vikombe bila kumwaga chai, ikampanda Kitindamimba mabega yote mawili hadi shingoni. Mke wa mkubwa akakata kipande cha keki, akasimama, akakichovya begani kwa Kitindamimba, akaonja.

"Mmh! Tamu kweli."

Mumewe akafuata. Kaka naye akaja, na kipande kikubwa kuliko vyote.

"Nina usaili saa tisa!" Kitindamimba akasema, na sauti ikamtoka kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Utaendaje umejaa aisingi?" kaka yake akamjibu kwa upole. "Mwakani si upo?"

"Simama wima, wifi," wifi akanong'ona. "Unamsumbua mgeni."

Machozi ya hasira yakamtoka. Akayafuta kwa kiganja, kakao ikamwingia jichoni, ikawasha. Saa ya ukutani ikagonga tisa, ikapita. Kule chuoni walikuwa wanaita majina ya ukoo kwa mpangilio wa herufi, na lake lilikuwa la pili kutoka juu.

Mke wa mkubwa akatoa kalamu na kidaftari mkobani. "Hebu nieleze, bibie, umetia nini?" Alikuwa akimwuliza wifi.

Wifi akacheka kidogo, akageuza shingo. "Wifi, nikumbushe, tulitia nini vile?"

"Sukari iliyosagwa."

"Sukari iliyosagwa," wifi akasema.

"Maziwa ya unga, majarini, kakao."

Wifi akavikariri vyote, kimoja kimoja, na aisingi ikapanda mpaka kidevuni.

"Na maji?" mgeni akauliza bila kuinua kichwa.

Wifi akasubiri. Kitindamimba akaikazia macho saa ya ukutani, mpaka kaka yake akakohoa.

"Ya moto," akasema. "Vijiko viwili."

"Ya moto, vijiko viwili," wifi akasema, na mgeni akaandika.